Kitufe Namba Nne

Aberystwyth, Wales
Novemba

Dada,

Nimefika salama. Baridi nimeikuta kama ulivyonionya, na koti la marehemu baba limenisitiri. Nalivaa tangu asubuhi mpaka naingia kitandani. Habari za kikao cha walimu wa lugha nitakusimulia nikirudi, tukiwa tumekaa na chai. Leo nakuandikia lile ulilonituma. Siku ile pale stendi ya Korogwe, begi limeshapanda kwenye buti na kondakta anapiga kelele, ulinishika mkono ukasema: "Huko utalala mahotelini. Niangalizie wenzetu wanaweka nini kwenye tivii za vyumbani. Nataka kubadilisha za gesti yangu, na sitaki fundi anipeleke anakotaka yeye." Nimeangalia, dada. Nilidhani ni jambo la nusu ukurasa, kumbe limeninyima usingizi usiku mbili.

Usiku wa kwanza nililala Cardiff, mji mkuu wa Wales, katika hoteli ya ghorofa sita karibu na stesheni ya treni. Chumba chembamba, kitanda kizuri, birika la umeme, na tivii pana iliyobanwa ukutani. Nikakaa kitandani, daftari gotini, rimoti mkononi. Nilipoiwasha haikutoa chaneli. Ilitoa tangazo la hoteli yenyewe, bei ya kifungua kinywa na bei ya kuegesha gari. Nikabonyeza moja: BBC One. Mbili: BBC Two. Tatu: ITV. Nilipofika nne nikakuta mwanamke amesimama mbele ya ramani, anaeleza hali ya hewa kwa lugha ambayo sijawahi kuisikia maishani mwangu. Nikadhani kidole kimeteleza. Nikarudi tatu, nikaenda tena nne. Ni yule yule. Anapitisha kiganja juu ya bahari, mishale ya upepo inakimbia nyuma ya bega lake, na sauti ya "kh" inamtoka kooni safi kama wazee wa mwambao wanapokutakia kheri.

Niliendelea kubonyeza hadi zikapita chaneli themanini na kitu. Chaneli za habari, Al Jazeera ya Kiingereza ikiwemo. Chaneli za kuuza vito usiku kucha. Sinema za zamani, katuni, mapishi, nyumba zinazonunuliwa na kukarabatiwa, kisha redio nyingi zisizo na picha. Hizi zote ni za bure, zinanaswa kwa antena ya kawaida, na mpango mzima wanauita Freeview. Lakini kila nilipomaliza mzunguko kidole kilirudi pale pale, namba nne.

Asubuhi nikamuuliza kijana wa mapokezi. Akaniambia kwamba ukiwa Uingereza namba nne ni Channel 4, ya Kiingereza. Ukivuka mpaka ukaingia Wales, namba nne ni S4C, na S4C inazungumza Kiwelisi. Sasa nikupe hesabu, maana wewe ni mtu wa hesabu. Kwa sensa yao ya 2021, wanaosema Kiwelisi hapa Wales ni watu kama 538,000, hawafiki hata mmoja kati ya kila watano. Mkoa wetu wa Tanga peke yake ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 2.6 mwaka 2022. Yaani wasemaji wote hao ni kama moja ya tano ya mkoa wetu. Na lugha yao imekaa kwenye kitufe cha nne, mbele ya mnada wa vito na mbele ya sinema za Marekani, mahali ambapo kidole cha mgeni hupita kabla hakijachoka.

Hapo ndipo nilipoikumbuka hoteli ya Arusha, ile ya semina ya mwaka 2019. Jina lake sitalitaja. Nilikuwa na chaneli zaidi ya sitini chumbani. Simba na fisi walikuwa na chaneli yao, wabunifu wa mavazi yao, wapishi yao. Kifaransa kilikuwepo, Kireno kilikuwepo, Kihindi kilikuwepo. Nikatafuta taarifa ya habari ya saa mbili usiku kwa Kiswahili, ndani ya Tanzania, nikaikosa. Kesho yake nilipokuwa nimekaa naizungukia tena, dada wa usafi alisimama mlangoni na mashuka mkononi akatazama kidogo, kisha akasema: "Hiyo tivii haijui Kiswahili, kaka." Akaingia, akatandika kitanda, akaenda zake. Neno lile nimetembea nalo miaka yote hii.

Sababu mojawapo ninaijua. Mwaka 2018 chaneli zetu za bure ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya kulipia, kwa kuwa leseni za kampuni hizo hazikuwaruhusu kuzibeba. Hoteli iliyokuwa na king'amuzi cha kulipia peke yake ikaamka siku moja haina hata chaneli moja ya nyumbani. Dawa ilikuwepo: antena ya kawaida juu ya paa na king'amuzi cha chaneli za bure, gharama ndogo mno kwa hoteli yenye bwawa la kuogelea. Mwaka mzima baadaye walikuwa hawajaiweka. Nadhani hawakuiweka kwa sababu mgeni waliyemfikiria wakati wa kuagiza mitambo si mimi wala wewe.

Maana orodha ya chaneli za hoteli haijipangi yenyewe. Hili nilikuwa silijui mpaka nilipoelezwa na fundi aliyekuja pale Arusha kutengeneza tivii ya chumba cha jirani. Kwa mtindo wa zamani, ambao hoteli nyingi zetu bado zinao, chaneli moja ya kulipia inakula king'amuzi kizima. Ukitaka chaneli kumi zifike vyumba vyote kwa wakati mmoja, unaweka ving'amuzi kumi kwenye kabati moja, kila kimoja kimekaa kwenye chaneli yake hakibanduki, kisha mtambo unazikusanya zote kwenye waya mmoja unaopanda ghorofani na kuingia kila chumba. Kwa hiyo kila chaneli uionayo ina king'amuzi chake, kadi yake na malipo yake ya kila mwezi. Mtu alikaa akachagua. Mtu alisema hii iingie, hii isubiri.

Na gesti zetu ndogo, unajua mwenyewe, zina king'amuzi kimoja tu, kimewekwa mapokezi, na vyumba vyote vinaangalia anachoangalia kijana wa mapokezi. Singida niliwahi kuwa katikati ya taarifa ya habari, picha ikaganda, namba zikapita juu ya skrini, na chumba kizima kikajaa kelele za mpira wa Uingereza. Nilikereka sana wakati ule. Ila leo naiona gesti ile kwa jicho jingine. Dereva wa lori chumba cha pili, mama mwenye mtoto chumba cha tano na mimi chumba cha saba, sote tulikuwa tunasikia habari moja kwa lugha moja, na mtoto alipocheka tangazo nilimsikia kupitia ukuta.

Kutoka Cardiff nilipanda treni kuja hapa Aberystwyth, mji wa pwani ulioegemea ghuba ya Cardigan. Jambo la kushangaza: miji yote miwili iko Wales, lakini reli inakutoa Wales, inakupeleka Shrewsbury, ambayo ni Uingereza, unabadilisha treni, ndipo unarudishwa Wales tena. Ilikuwepo njia ya kusini iliyopita Carmarthen, ikafungwa miaka ya 1960. Ni kama kutoka Korogwe kwenda Pangani ulazimike kupitia Mombasa. Safari ilichukua zaidi ya saa nne, na nilifika giza limeshaingia, wakati saa yao ilikuwa haijafika hata kumi na moja jioni. Chini ya gati ndege wadogo weusi, maelfu kwa maelfu, walikuwa wanarudi kulala. Walikuwa wanajikunja angani kama kanga inayokung'utwa, kisha wote wakadondoka kwa pamoja chini ya mbao wakanyamaza.

Hapa nimefikia nyumba ya wageni, si hoteli. Vyumba sita, vitatu pungufu ya gesti yako. Mwenyewe ni mama wa miaka sabini na kidogo, mwembamba, ana sauti ya mwalimu. Nilipoingia chumbani na kuwasha tivii, dada, haikutoa tangazo wala bei. Ilifunguka moja kwa moja kwenye namba nne. Nikaizima, nikaiwasha. Namba nne tena, na sauti ile ile ya kiasi, isiyomwamsha mtu wa chumba cha pili. Asubuhi nilipomuuliza akasema kwa utulivu kabisa: "Mgeni akiingia kwangu, mimi ndiye ninayesalimia kwanza." Baada ya hapo, akasema, rimoti ni ya mgeni, aende popote.

Nilimuuliza kama hakuna wanaolalamika. Akasema wapo. Wapo wageni wanaoshuka ngazi kumwambia tivii imeharibika, namba nne inazungumza kitu kisichoeleweka. Huwawekea chai, akawaonyesha kibonyezo cha kuleta tafsiri ya Kiingereza chini ya picha, na baadhi yao huishia kuitazama hadi usiku. Kisha akavuta kiti akanisimulia namba ile ilivyopatikana. Nimelinganisha maneno yake na niliyoyasoma kwenye maktaba ya taifa lao, ambayo iko papa hapa juu ya kilima, na ninakuandikia niliyoyahakikisha.

Zamani vipindi vya Kiwelisi vilikuwa vimechomekwa humo humo kwenye chaneli za Kiingereza, dakika chache hapa na nusu saa pale, mara nyingi saa ambazo watu wako kazini au wamelala. Wasiojua Kiwelisi walichukia kukatiziwa vipindi vyao, wakageuza antena zao kuelekea minara ya Uingereza. Aliposema hivyo nilicheka, maana nilituona sisi utotoni kwa babu kule Tanga, antena imefungwa kwenye mti mrefu juu ya mwembe, mmoja anaizungusha na mwingine yuko dirishani anapiga kelele "hapo hapo, usiguse!" tukiitafuta Televisheni ya Zanzibar. Bara hatukuwa na televisheni yetu mpaka 1994. Sisi tuligeuza antena kuitafuta lugha yetu ng'ambo ya bahari, na wao waligeuza kuikimbia ya jirani yao.

Katika uchaguzi wa 1979 chama cha Margaret Thatcher kiliahidi kwamba chaneli mpya ya nne, ikija, huku Wales itabeba Kiwelisi. Wakashinda. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule waziri wa mambo ya ndani, William Whitelaw, akaiondoa ahadi ile. Hapo moto ukawaka. Nchi hii nyumba zinazotazama matangazo ya televisheni hulipa ada ya leseni kila mwaka. Watu kama elfu mbili wakaahidi kwamba wataingia jela kabla ya kuilipa. Oktoba wanaume watatu wenye heshima zao, Pennar Davies aliyekuwa mkuu wa chuo cha dini, Meredydd Evans msomi na mwimbaji, na Ned Thomas aliyekuwa akifundisha chuo kikuu cha hapa hapa Aberystwyth, waliingia kwenye kituo cha mnara wa Pencarreg usiku wakauzima. Mama mwenye nyumba alikuwa mwalimu kijana wakati huo. Aliniambia baba yake, mkulima wa kondoo ambaye hakuwahi kudaiwa na mtu, aliirudisha barua ya leseni posta bila kuifungua, na mama yake alilia jikoni kwa hofu.

Kisha akaja Gwynfor Evans. Huyu ndiye aliyekuwa mbunge wa kwanza wa chama cha kitaifa cha Wales, Plaid Cymru, mwaka 1966. Mei 1980 alitangaza kwamba ikiwa serikali haitarudisha ahadi, kuanzia tarehe 6 Oktoba hatatia chakula kinywani hadi afe. Wakati wa kuanza angekuwa na miaka 68. Hakuwa mtu wa vitisho. Alikuwa mpole, mtu wa kanisa, aliyepinga vita maisha yake yote, na kwa sababu hiyo kila aliyemjua aliamini kwamba atafanya. Tarehe 17 Septemba serikali ikageuka. S4C ikaanza kurusha matangazo tarehe 1 Novemba 1982, siku moja kabla Channel 4 haijafunguliwa Uingereza.

Dada, nimekaa nikaitazama rimoti. Kipande cha plastiki, vitufe vyake vimefutika maandishi kwa vidole vya wageni, na nyuma kimefungwa utepe kuzuia betri zisidondoke. Kitufe cha nne kimechakaa zaidi kidogo kuliko cha tano. Kuna mzee aliyekuwa tayari kufa kwa ajili ya kitufe hicho.

Jana nilitembea hadi kwenye daraja la Trefechan, dakika chache kutoka hapa. Ni daraja la mawe la kawaida, mto chini yake una rangi ya chai ya rangi. Tarehe 2 Februari 1963 vijana wa chama cha lugha waliketi katikati yake katika baridi wakafunga njia, wakidai tu karatasi za mahakama ziandikwe kwa lugha yao. Magari yalikuwa yanapita kama kawaida nilipofika, na barabarani limeandikwa neno ARAF kwa herufi kubwa nyeupe: taratibu. Nilisimama pale hadi masikio yakaanza kuuma kwa upepo.

Sitaki kukuficha lililonisumbua zaidi. Ni rahisi kwetu kujilinganisha na hawa na kusema Kiswahili kinaonewa kwenye mahoteli, na kweli kinaonewa. Lakini Kiswahili si kidogo. UNESCO inakihesabia wasemaji zaidi ya milioni 200, na imekipa siku yake, Julai 7. Umoja wa Afrika umekifanya lugha yake ya kazi mwaka 2022. Wachina walipotaka tuwajue, walituletea tamthilia yao ya bibi harusi Doudou na mama mkwe wake ikisema Kiswahili kwenye TBC mwaka 2011, na mimi na wewe tuliifuatilia. Kinachofanana na Kiwelisi nyumbani kwetu ni Kisambaa cha mama. Mama aliyetulaza kwa Kisambaa na kututuma dukani kwa Kiswahili. Kwetu masharti ya leseni za utangazaji yanataka Kiswahili au Kiingereza. Ninajua kwa nini viongozi wetu waliamua hivyo. Nchi yenye makabila zaidi ya mia moja na ishirini ilihitaji mahali pa kukutania, na tumekutana, na amani hiyo siibezi hata kidogo. Ila Kenya wana Inooro, televisheni ya Kikikuyu tangu 2015, na Wakenya hawajaacha kusikiliza taarifa ya Kiswahili ya saa moja usiku. Nilipomwambia mama mwenye nyumba kwamba wanangu hawajui Kisambaa, hakusema kitu. Aliuliza tu: "Na wewe?" Nikamwambia nakielewa chote, nakisema nusu.

Alinionyesha pia kitu cha zamani kwenye kitabu cha picha. Kipande cha mbao chenye tundu la kamba na herufi mbili, W.N. Karne ya 19 mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi shuleni alivishwa shingoni, akakivaa mpaka akamkamata mwenzake anasema akamvisha, na aliyekutwa nacho jioni alichapwa. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika jinsi watoto wa shule za Kenya ya ukoloni walivyovishwa vibao kama hivyo kwa kosa la kusema Kikikuyu. Na wewe unakikumbuka kibao cha kadibodi alichorudi nacho binti yako kutoka ile shule ya mchepuo wa Kiingereza, kwa sababu alimwambia rafiki yake "nipe maji". Ulikichana hapo hapo mlangoni. Mimi nilikuona.

Sasa twende kwenye shughuli yako. Una vyumba tisa, na wageni wako ninawajua: madereva wa njia ya Segera kwenda Moshi, watumishi wa halmashauri, watu wa semina, wafiwa wanaopanda Lushoto. Fundi akija atakwambia ununue kifurushi kikubwa cha kulipia. Usikubali haraka. Kwanza mwambie apande juu ya paa na antena ya kawaida, apime chaneli zipi za bure zinanaswa vizuri hapo ulipo. Tivii nyingi za siku hizi zina kipokezi cha dijitali ndani yake, kile wanachokiita T2, kwa hiyo chaneli za bure hazihitaji king'amuzi kila chumba. Unahitaji antena nzuri, waya mzuri na kifaa cha kugawa na kukuza mawimbi. Hapo kila mgeni ataangalia anachotaka, na yule wa taarifa ya habari hatanyang'anywa na yule wa mpira. King'amuzi cha kulipia weka kimoja, pale sebuleni, kwa ajili ya mechi. Watu wa Simba na Yanga hupenda kuangalia wakiwa wengi hata hivyo.

Ukinunua tivii, uliza kama ina menyu ya hoteli. Imefichwa, hufunguliwa kwa kubonyeza vitufe fulani kwa mpangilio, na fundi mzuri anaijua au anaweza kuitafuta. Humo ndani unaweka mambo mawili ya maana sana. Unaweka kikomo cha sauti, mgeni asiwaamshe wenzake saa nane usiku. Na unachagua chaneli ambayo tivii itaamkia kila inapowashwa, hata mgeni wa jana awe aliiacha wapi. Ndivyo alivyofanya mama wa hapa. Na namba zipange mwenyewe, usimwachie fundi wala usiiachie mashine ijipange, kwa sababu mashine haimjui mgeni wako. Za Kiswahili ziwe za mwanzo. Ya watoto iwe karibu na mwanzo pia. Ubongo Kids ilipoanza 2014 mwanangu alijifunzia hesabu humo, kwa Kiswahili, kutoka kwa wanyama waliochorwa Dar es Salaam. Hapa nao katuni ya dubu SuperTed na ya Sam mzimamoto zilizaliwa kwenye S4C kwa Kiwelisi, ndipo Waingereza wakazichukua.

Utaniambia vijana siku hizi wanakuja na simu zao, hawaangalii tivii. Ni kweli. Hata mama wa hapa amekiri kwamba wajukuu zake wakija hulala na simu usoni, na anahofia namba nne inaweza kuwa ya wazee peke yao. Nilimuuliza kwa nini basi anajisumbua. Akasema simu ni chumba cha mgeni, lakini tivii ni nyumba yake.

Tafadhali nitafutie kitu kimoja kabla sijarudi. Shangazi wa Bumbuli bado yupo, na anasimulia hadithi za Kisambaa kama mama. Mwambie nakuja na kinasa sauti, na wanangu nitawaleta.

Hapa saa inakaribia mbili usiku. Kwako ni saa tano, umeshafunga geti. Mama mwenye nyumba amegonga mlango, tamthilia yao ya Pobol y Cwm inaanza, maana yake Watu wa Bondeni. Imeanza 1974, miaka ishirini kabla bara hatujapata televisheni ya kwanza. Ameniwekea kiti karibu na moto na kusema leo ataondoa tafsiri ya chini, nisikilize tu, ataniambia nani ni mtoto wa nani. Acha nishuke.

Wasalimie wote. Binti yako mwambie nimemnunulia kitabu.

Mdogo wako.